Tumaini Nalo Lipimwe



Siku hizi habari za dawa husafiri upesi kuliko dawa zenyewe. Simu moja hupokea ujumbe kwamba tiba mpya ya saratani imepatikana ng'ambo, na kabla ya jua kutua ujumbe huo umekwisha kufika katika simu mia. Asiye na mgonjwa nyumbani huusoma na kuusahau. Mwenye mgonjwa huusoma kwa macho mengine: huanza kuhesabu thamani ya shamba, idadi ya mbuzi, na kiasi ambacho ndugu aliye mbali angeweza kutuma.

Kwa ajili ya huyo mwenye mgonjwa, ningependa tutafakari pamoja jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia madaktari wa hospitali kubwa, yaani namna dawa zinavyojaribiwa. Nitasema hasa juu ya dawa mbili au zaidi zinazochanganywa ili kupambana na saratani ya mifupa na ya nyama za mwili, iliyokwisha kukomaa na kuenea. Maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo. Tumaini la mgonjwa ni kitu cha thamani mno, na kwa sababu hiyo hiyo halifai kuachwa bila kupimwa. Nao wagonjwa wanaokubali kushiriki katika upimaji huo wanawatendea jirani zao wema mkubwa, hata pale jibu linapokuwa «hapana».

Ugonjwa wenyewe

Saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansere, ina aina nyingi. Ile inayoanzia katika mfupa, msuli, mafuta, mishipa ya damu au nyuzi zinazoshikanisha viungo, madaktari huiita sarkoma. Kwa watu wazima ni adimu: ni kama mgonjwa 1 tu kati ya wagonjwa 100 wa saratani. Lakini hiyo moja ina sura nyingi, kwa maana aina za sarkoma zinazojulikana zinapita 50, na kila aina ina tabia yake.

Iko aina moja inayowahusu ninyi vijana zaidi ya wazee. Nayo ni osteosarkoma, saratani ya mfupa ambayo hutokea mara nyingi katika umri wa kubalehe, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi, na hupenda kuanzia karibu na goti. Kijana husikia maumivu, hudhani ni pigo la mpira, hupaka dawa ya kuchua na kunyamaza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Maumivu ya mfupa yanayodumu majuma kadhaa, yanayomwamsha mtu usiku, au yanayofuatana na uvimbe unaokua, hayastahili kufichwa. Yanastahili picha ya mfupa hospitalini, kwa sababu ugonjwa huu ukicheleweshwa hupenda kuhamia mapafuni, na hapo safari huwa ngumu.

Kwa nini dawa huchanganywa

Wazo la kuchanganya dawa si geni kwetu. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa nne kwa pamoja katika miezi miwili ya kwanza, maana akipewa moja peke yake, vijidudu vichache visivyoiogopa dawa hiyo vitabaki, vitazaliana, na ugonjwa utarudi ukiwa na nguvu zaidi. Vidonge tunavyomeza leo kwa ajili ya malaria navyo vimeunganisha dawa mbili kwa sababu hiyo hiyo. Madaktari wa saratani wamefuata mantiki iyo hiyo: chembe za uvimbe mmoja hazifanani zote, na ile inayoponyoka dawa ya kwanza huenda ikanaswa na ya pili.

Lakini kuna tofauti kubwa. Kijidudu cha kifua kikuu ni mgeni mwilini, ilhali chembe ya saratani imezaliwa ndani ya mwili wenyewe. Dawa inayoipiga huipiga pia nyumba inamokaa. Chukueni mfano wa doksorubisini, dawa nyekundu iliyotokana na bakteria wa udongo wa Italia, ambayo tangu miaka ya 1970 imekuwa nguzo ya tiba ya sarkoma. Inafaa, lakini ikizidi kiasi huudhoofisha moyo. Sisiplatini inaweza kuharibu figo na masikio. Nyingine huzipunguza chembe nyeupe za damu hata homa ndogo ikageuka kuwa hatari ya kifo.

Kwa hiyo kila dawa inayoongezwa ina gharama, na gharama hiyo hailipwi kwa fedha tu. Hulipwa na mwili wa mgonjwa. Swali la kuuliza si kama dawa mbili zina nguvu kuliko moja, kwa kuwa hilo karibu kila mtu angeitikia. Swali ni hili: Je, mgonjwa ataishi zaidi, au ataishi vizuri zaidi, kuliko kama angepewa ile moja?

Ulinganisho wa haki

Sisi tunaowaandaa walimu tunajua mtego mmoja. Mwalimu hubuni njia mpya ya kufundisha hesabu, huijaribu katika darasa lake, na mwisho wa mwaka wanafunzi hufaulu. Hutangaza kwamba njia yake ni bora. Mkaguzi mwenye busara humwuliza: wanafunzi hao walikuwaje kabla hujaanza? Ni nani waliochaguliwa kuingia katika darasa hilo? Na lile darasa la pili, lililofundishwa kwa njia ya zamani, limepata nini? Mwalimu asipoweza kujibu, hatuwezi kujua kama ushindi ni wa njia yake au ni wa wanafunzi hodari aliowapata.

Katika tiba mtego ni ule ule. Daktari, kwa moyo mwema kabisa, huweza kumpa dawa mpya mgonjwa mwenye nguvu na kumwacha aliye dhaifu. Ndiyo maana jaribio la haki huwagawa wagonjwa kwa kura. Kundi moja hupata tiba inayojulikana, kundi la pili hupata tiba hiyo pamoja na nyongeza, kisha wote hufuatiliwa kwa uangalifu ule ule.

Katika saratani ya mfupa ulinganisho wa namna hiyo umefanya kazi kubwa. Zamani mguu ulikatwa, na bado wagonjwa wengi walifariki kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwisha kutawanyika kisirisiri. Dawa zilipoanza kutumika, madaktari walibishana: wengine walisema wagonjwa wanapona kwa sababu ya dawa, wengine walisema ni upasuaji tu uliokuwa bora kuliko zamani. Mwaka 1986 matokeo ya jaribio moja la Marekani yalichapishwa. Wagonjwa 36 waligawanywa kwa kura baada ya upasuaji. Baada ya miaka miwili, katika kundi lisilopewa dawa ni asilimia 17 tu waliobaki bila ugonjwa kurudi. Katika kundi lililopewa mchanganyiko wa dawa walikuwa asilimia 66. Wagonjwa 36 tu waliumaliza ubishi uliokuwa umewagawanya mabingwa, na kila kijana aliyetibiwa baada yao amekula matunda ya jibu hilo.

Zidisha, uone

Hapo lilizaliwa jaribu jingine, jaribu la kudhani kwamba kama dawa tatu zimefaa, tano zitafaa zaidi. Katika Ulaya, Marekani na kwingineko vijana wenye osteosarkoma walikuwa wakipewa dawa tatu: metotreksati, doksorubisini na sisiplatini. Baadhi yao, uvimbe ulipoondolewa na kuchunguzwa, ulionekana bado una chembe nyingi hai. Madaktari waliwahurumia. Walifikiri: hawa tuwaongezee ifosfamidi na etoposidi.

Wazo lilikuwa la huruma na la akili. Hata hivyo nchi 17 zilikubaliana kulipima kwanza kabla ya kuligeuza kuwa desturi. Jaribio hilo liliitwa EURAMOS-1, na wagonjwa 618 wa namna hiyo waligawanywa kwa kura. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miaka mitatu, katika kundi la dawa tatu asilimia 55 walikuwa hawajapatwa na marudio wala madhara mengine makubwa ya ugonjwa; katika kundi la dawa tano walikuwa asilimia 53. Nyongeza haikuongeza kitu, isipokuwa mateso, kwa maana madhara ya dawa yalikuwa mengi zaidi.

Fikirini ingekuwaje kama jaribio hilo lisingefanyika. Huruma ingekuwa desturi, desturi ingekuwa sheria, na vijana kwa maelfu wangemezeshwa uchungu usio na faida, huku kila mtu akiamini kwamba anawatendea mema.

Liko funzo jingine la aina hiyo katika saratani ya nyama za mwili. Hospitali za nchi 10 ziliwagawa wagonjwa 455 katika makundi mawili: waliopata doksorubisini peke yake, na waliopata doksorubisini pamoja na ifosfamidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika kundi la mchanganyiko, waliopungukiwa na uvimbe walikuwa asilimia 26, na katika kundi la dawa moja asilimia 14. Mtu angeweza kupiga vigelegele hapo. Lakini walipohesabu muda wa kuishi, nusu ya kundi la mchanganyiko walifikisha miezi 14.3, na nusu ya kundi la dawa moja miezi 12.8, tofauti ndogo ambayo watafiti hawakuweza kuithibitisha kuwa si ya bahati. Nayo madhara yalikuwa mazito zaidi katika mchanganyiko. Uvimbe kupungua katika picha na mtu kuishi ni mambo mawili. Anayetuuzia dawa hupenda kutuonyesha la kwanza. Sisi tuulize juu ya la pili.

Dawa iliyopanda na kushuka

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha olaratumabu. Dawa hii ilitengenezwa ili kuziba mlango mmoja ambao chembe za saratani huutumia kupokea amri ya kukua. Ilijaribiwa kwanza Marekani pamoja na doksorubisini, kwa wagonjwa 133 wenye sarkoma ya nyama za mwili iliyoenea. Matokeo yaliwashangaza wote. Nusu ya waliopata doksorubisini peke yake waliishi zaidi ya miezi 14.7, nusu ya waliopata dawa zote mbili waliishi zaidi ya miezi 26.5. Karibu mwaka mzima uliongezeka! Katika ugonjwa ambao kwa miaka 40 ulikuwa umewashinda wote waliojaribu kuongeza kitu juu ya doksorubisini, habari hiyo ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi kirefu.

Mwezi wa Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu, na mwezi uliofuata Ulaya nayo ikaiidhinisha, kwa sharti kwamba jaribio kubwa lithibitishe yale yaliyoonekana. Wagonjwa wakaanza kuitumia. Wakati huo jaribio kubwa lilikuwa likiendelea: wagonjwa 509 katika nchi 25. Wote walipata doksorubisini. Kwa kura, wengine waliongezewa olaratumabu na wengine maji yasiyo na dawa, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini.

Januari 2019 matokeo yalitangazwa. Nusu ya kundi la dawa mbili waliishi zaidi ya miezi 20.4, nusu ya kundi la dawa moja zaidi ya miezi 19.7. Hapakuwa na tofauti yenye maana. Mwaka ule mzima wa nyongeza ulikuwa umeyeyuka kama umande. Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni, na Ulaya ikafuta kibali chake mwaka huo huo.

Je, lile jaribio la kwanza lilikuwa la udanganyifu? Hapana, wala hakuna aliyehitaji kudanganya ili kosa litokee. Kundi lilikuwa dogo, aina za sarkoma ndani yake zilikuwa nyingi, na wagonjwa pamoja na madaktari walijua nani anapata dawa mpya. Ukirusha sarafu mara 10, yaweza kuanguka upande mmoja mara 8 bila mchawi yeyote. Ukiirusha mara 1000, ukweli wake hujulikana.

Wapo watakaosema: tazameni, miaka na fedha na machozi, na mwisho wake ni bure. Mimi nasema si bure. Wale watu 509 waliwaokoa wagonjwa wengine wasiohesabika na dawa ya bei kubwa isiyowafaa. Hawakujua majina ya watu hao, na watu hao hawajui majina yao. Jibu la «hapana» lililopatikana kwa haki ni mali ya wote.

Tena haikuwa mwisho wa safari. Nchini Ufaransa watafiti walichagua aina moja tu ya sarkoma, ile inayoanzia katika misuli laini ya tumbo la uzazi na viungo vingine vya ndani. Wagonjwa 150 waligawanywa kwa kura: doksorubisini peke yake, au doksorubisini pamoja na trabektedini, dawa ambayo asili yake ni kiumbe mdogo wa bahari ya Karibi. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba nusu ya kundi la dawa moja waliishi zaidi ya miezi 24, na nusu ya kundi la mchanganyiko zaidi ya miezi 33. Madhara yaliongezeka, lakini safari hii maisha nayo yalirefuka. Mizani ile ile iliyosema «hapana» ndiyo iliyosema «ndiyo». Tusingeweza kuiamini «ndiyo» yake kama isingekuwa na ujasiri wa kusema «hapana».

Jirani zetu nao wamepima

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Iko saratani moja ya nyama za mwili ambayo Afrika yetu inaijua vema: sarkoma ya Kaposi, yenye mabaka meusi au ya zambarau juu ya ngozi, na uvimbe wa miguu. Kabla UKIMWI, yaani SIDA, haujajulikana, madaktari walikuwa wamekwisha kuiona mashariki mwa Kongo na Uganda kuliko sehemu nyingi za dunia. Baada ya UKIMWI kuenea, iliongezeka sana.

Katika nchi nyingi za Afrika tiba iliyozoeleka ilikuwa mchanganyiko wa bleomisini na vinkristini, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Je, ulikuwa bora? Jaribio lilifanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, likiwashirikisha wagonjwa 334 wenye virusi vya UKIMWI na sarkoma ya Kaposi iliyokomaa. Wote walipewa dawa za kupunguza makali ya virusi. Kwa kura, wengine waliongezewa mchanganyiko ule wa dawa mbili, wengine vidonge vya etoposidi, na wengine dawa moja iitwayo paklitakseli.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya majuma 48, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikuwa asilimia 44 katika kundi la mchanganyiko, na asilimia 64 katika kundi la paklitakseli. Vidonge vya etoposidi vilishindwa zaidi, na kundi hilo lilisimamishwa mapema ili wagonjwa wasiendelee kuumia. Dawa moja ilizishinda mbili! Jibu hili lisingeweza kuletwa kutoka Ulaya kwa ndege. Lilitokana na wagonjwa wa Kiafrika, katika hospitali za Kiafrika, wakiwa na ugonjwa katika hali inayofanana na ya kwetu.

Hofu yenye sababu

Najua wengi wenu mnasema moyoni: «Kwa hiyo watugeuze panya wa kujaribia?» Hofu hiyo siidharau, kwa kuwa ina historia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nijeria, dawa mpya ilijaribiwa kwa watoto wapatao 200, na baadaye familia zilikwenda mahakamani zikisema hazikuelezwa ipasavyo. Jeraha la namna hiyo halisahauliki.

Lakini dawa ya ubaya huo si kukataa kila jaribio. Dawa yake ni kudai masharti. Tangu mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kina Azimio la Helsinki, linaloweka heri ya mgonjwa mbele ya faida ya sayansi. Mgonjwa lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa. Lazima akubali kwa hiari, bila kutishwa wala kununuliwa. Kwa mtoto, mzazi hukubali, na mtoto mwenyewe naye huulizwa kadiri ya umri wake. Kamati ya maadili isiyo na masilahi katika dawa hiyo lazima iwe imepitisha mpango wote. Naye mshiriki ana haki ya kujitoa siku yoyote, bila kunyimwa matunzo.

Kuna swali gumu zaidi: mtu anakufa, je, ni halali kumpigia kura? Najibu kwamba ni halali kwa sharti moja, kwamba wanaoipiga hawajui kweli ni upande upi ulio bora, na kwamba hakuna kundi linalonyimwa tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Katika jaribio la olaratumabu kila mgonjwa alipata doksorubisini. Siku ukweli unapojulikana kabla ya wakati, jaribio husimamishwa, kama lilivyosimamishwa kundi la etoposidi. Anayejua na bado akaendelea kupiga kura hutenda dhambi dhidi ya mgonjwa. Lakini anayejidai kujua wakati hajui, naye hamtendei haki.

Tena tuseme ukweli wote: sisi nasi tunafanya majaribio kila siku, ila bila mizani. Mgonjwa wetu humeza vidonge vya hospitali asubuhi, unga wa mizizi mchana, na chupa ya mchuuzi jioni, na hakuna anayeandika kilichotokea. Akipona, kila mmoja hudai sifa. Akifa, hakuna anayeulizwa. Mchanganyiko huo nao una gharama, maana dawa za mitishamba zinaweza kugongana na dawa za hospitali, na daktari asiyeambiwa hawezi kumlinda mgonjwa.

Kazi yenu vijana

Wengi wenu hamtakuwa madaktari. Hata hivyo mna kazi katika jambo hili, kwa kuwa ninyi ndio mnaosoma zile simu, na wazee wenu huwauliza: «Mwanangu, wanasema nini hapa?»

Ujumbe wa dawa mpya unapofika, msiusambaze kabla ya kuuliza mambo manne. Kwanza, dawa hiyo imelinganishwa na nini? Pili, ni watu wangapi waliojaribiwa, nao waligawanywa kwa kura au walichaguliwa? Tatu, waliishi zaidi, au uvimbe ulipungua tu? Nne, mwili uliilipia gharama gani? Anayeuza bila kuweza kujibu maswali haya anauza tumaini lisilopimwa, na bei yake huwa ni shamba la familia.

Na kwa mgonjwa mwenyewe, tusijifiche nyuma ya takwimu. Nambari hazimshiki mtu mkono. Mgonjwa ambaye dawa zimemshinda bado ana haki ya kutulizwa maumivu, kuoshwa, kutembelewa, na kuambiwa ukweli kwa upole. Kumpima tumaini lake kwa haki na kumkalia karibu usiku ni kazi mbili za upendo ule ule, nasi tumeitwa kwa zote mbili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni habari gani za dawa zimesambaa mwaka huu? Ni ipi iliyoweza kujibu maswali manne tuliyoyataja?

2. Ndugu yako akiombwa kushiriki katika jaribio la dawa, ungependa aelezwe mambo gani kabla ya kutia sahihi? Nani amsindikize?

3. Je, yuko kijana kati yetu mwenye maumivu ya mfupa au uvimbe anaouficha? Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje afike hospitalini juma hili?